Mvuke wa Petroli Katika Gari Dogo: Unavyohifadhiwa na Namna ya Kutafuta Hitilafu Zake

Gari dogo likikataa kuwaka mara tu baada ya kutiwa petroli, mwenye gari hushangaa, naye ana haki ya kushangaa. Limekwenda vizuri hadi kituoni, limezimwa kwa dakika 5 tu, limepata mafuta yake, na sasa injini inazunguka bila kushika moto. Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Morogoro mwenye gari la namna hii, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, lenye injini ya lita 1 na tangi la lita 40. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Fundi wa pili anasema ni pampu ya petroli, nayo inabadilishwa. Juma linalofuata mwalimu anajaza tangi, na gari linakataa tena kuwaka pale pale kituoni, mbele ya foleni ya watu wanaopiga honi. Sehemu nzuri ya mshahara imekwenda, na wala plagi wala pampu haikuwa na kosa. Kosa limo katika kifaa ambacho wenye magari wengi hawajui kama kipo, nacho ni mtambo mdogo wa kuhifadhi mvuke wa petroli.

Ili kuelewa mtambo huo yafaa kwanza kuitazama petroli yenyewe. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, kuanzia zile zenye atomi 4 za kaboni katika kila molekuli hadi zile zenye 12 hivi. Zilizo nyepesi hazingoji kuchemshwa. Huruka zenyewe zikawa mvuke hata usiku wa baridi. Ndani ya chombo kilichofungwa mvuke huo huongezeka mpaka ufikie kanieneo maalumu, yaani kani inayosukuma kila kipande cha eneo, na kanieneo hiyo hutegemea joto. Wataalamu wa mafuta huipima katika nyuzi 37.8 za sentigredi, na kwa petroli ya kawaida kipimo cha kilopaskali 60 si cha ajabu. Katika nyuzi 20 petroli hiyo hiyo hutoa zaidi kidogo ya nusu ya kiasi hicho. Kwa kulinganisha, hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu hutoa kilopaskali 101 pale pwani.

Sasa na tuseme tangi la mwalimu limejaa nusu: lita 20 za petroli, na juu yake lita 20 za hewa iliyochanganyika na mvuke. Alfajiri joto ni nyuzi 25, na kanieneo ya mvuke ni kilopaskali 40 hivi. Saa nane mchana gari limesimama juani, joto la tangi limefika nyuzi 35, na mvuke umepanda hadi kilopaskali 55. Kama tangi lina tundu la kupumulia, sehemu ya mchanganyiko ule lazima itoke nje. Mwanafunzi anayejua kanuni ya gesi aweza kufanya hesabu mwenyewe: hewa itakayofukuzwa ni kiasi cha moli 0.13, nayo huchukua pamoja nayo mvuke wa petroli wa moli 0.12 hivi. Kwa kuwa moli moja ya mvuke huo ina uzito wa gramu 65 kwa wastani, kiasi kilichopotea ni karibu gramu 8. Jioni tangi hupoa na kuvuta hewa mpya, na kesho yake mambo huwa yale yale. Tangi, kwa kweli, hupumua mara moja kila siku.

Gramu 8 kwa siku si hasara ya kumfilisi mtu. Kwa mwaka mzima ni lita 4 tu. Lakini yafaa kuzitazama gramu hizo kwa jicho jingine. Zikiwa mvuke hujaza nafasi ya lita 3, na mvuke wa petroli huweza kushika moto mara ufikiapo sehemu 1.4 katika kila sehemu 100 za hewa. Kwa hiyo lita 3 hizo zatosha kuifanya hewa ya zaidi ya lita 200, yaani pipa zima, iwe tayari kulipuka kwa cheche moja. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara 2. Haupandi juu na kupotea kama moshi wa jikoni, bali hutambaa sakafuni, huingia katika shimo la gereji, na kungoja huko. Ndani yake mna pia benzeni, ambayo imethibitika kuwa husababisha saratani ya damu kwa watu wanaoivuta kwa muda mrefu. Anayeivuta zaidi si mwenye gari. Ni fundi na yule kijana wa kituo cha mafuta.

Hata hivyo, si moto wala saratani iliyowafanya watu waanze kuuzuia mvuke huu. Chanzo kilikuwa ukungu wa kahawia uliotanda juu ya mji wa Los Angeles huko Marekani tangu miaka ya 1940, ukaumiza macho ya watu na kuunguza majani ya mboga mashambani. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba haidrokaboni zinazotoka katika magari na viwanda vya mafuta, zikikutana na oksidi za naitrojeni mbele ya mwanga wa jua, huzaa ozoni. Mojawapo ya vipimo vilivyotumika kuigundua ozoni hiyo ilikuwa vipande vya mpira vilivyopindwa: ozoni huupasua mpira, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo nyufa zinavyotokea upesi. Kutokana na utafiti huo jimbo la California lililazimisha magari mapya ya mwaka 1970 yawe na kizuizi cha mvuke wa tangi, na mwaka uliofuata Marekani nzima ikafuata. Japani na nchi za Ulaya nazo ziliweka sheria zao, na ndiyo maana gari la Kijapani linaloteremshwa leo bandarini Mombasa au Dar es Salaam huja na mtambo huu, ajue mnunuzi au asijue.

Kasha la mkaa

Kiini cha mtambo ni kasha la plastiki lenye ujazo wa lita 1 hivi, ambalo mafundi huliita kanista. Katika magari mengine limewekwa mbele karibu na injini, katika mengine chini ya gari karibu na tangi. Ndani yake mna chembe za mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotengenezwa kwa namna ya kuacha vitundu visivyohesabika ndani yake. Gramu moja ya mkaa wa aina hii yaweza kuwa na uso wa mita 1,000 za eneo au zaidi, ukihesabu kuta zote za vitundu vyake. Molekuli za petroli zipitapo hunata juu ya kuta hizo. Hazizami ndani ya kitu chenyewe kama maji yazamavyo katika sponji. Hushikwa usoni tu, na kwa hiyo huweza kuachiwa tena.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani watalipenda. Mkaa mzuri sana ulioamilishwa hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na katika Vita Kuu ya kwanza vifuu vilitafutwa kwa bidii kwa ajili ya barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Lakini kwa kasha la gari mkaa wa kifuu hushika mno. Vitundu vyake ni vyembamba mno hata mvuke ukishaingia hautoki kwa urahisi. Kwa kazi hii hupendelewa mkaa wa mbao, ambao vitundu vyake ni vipana kidogo: hushika vya kutosha usiku na mchana, kisha huachia hewa safi ipitapo.

Kasha lina midomo mitatu. Wa kwanza umeungwa kwa mpira na sehemu ya juu ya tangi, na kutoka huko mvuke huja. Wa pili ni wa kupumulia, nao hufungukia hewani, mara nyingi kupitia kichujio. Tangi hutoa na kuvuta hewa kwa njia hiyo, lakini mvuke hubaki katika mkaa. Wa tatu huelekea injini, na katikati ya njia yake mna vali ndogo ya sumaku-umeme, ambayo katika makala haya itaitwa vali ya kusafishia. Injini ikiwa inaunguruma, nafasi iliyo nyuma ya kipepeo cha hewa, yaani kile kibamba kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta, huwa na kanieneo ndogo sana. Gari likiwa limesimama huwa kama theluthi moja ya ile ya nje au zaidi kidogo. Injini ikisha kupata joto, kompyuta yake, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, huifungua vali kwa mapigo mafupi mafupi. Hewa safi huvutwa kupitia mdomo wa kupumulia, hupita katika mkaa, huung'oa mvuke, na kuupeleka injinini ukachomwe. Kwa hiyo kasha halijai daima. Gari likiendeshwa husafishwa, likisimama hujazwa. Mwenye sikio zuri aweza kuisikia vali ikipiga taratibu kama saa ya mezani.

Vali isiyofunga

Hapo ndipo ilipo taabu ya mwalimu. Vali ya kusafishia yapasa kuwa imefungwa kabisa wakati umeme haupo. Ikikwama wazi, njia kati ya kasha na injini hubaki wazi saa zote. Wakati tangi linajazwa, petroli inayoingia hufukuza mvuke uliokuwamo, na sehemu yake hukimbilia katika kasha na mipira yake. Dereva anapozungusha ufunguo, injini huvuta mvuke huo wote pamoja na petroli ile inayonyunyizwa kama kawaida. Kwa kuungua vizuri petroli huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Mvuke ukizidi mno cheche hutokea bure, kwa maana hakuna oksijeni ya kutosha kuupokea moto. Injini imeshiba kupita kiasi.

Dalili hii ina jaribio lake rahisi. Katika magari mengi yenye kunyunyiza petroli kwa kompyuta, dereva akikanyaga mafuta hadi chini kabisa huku akizungusha ufunguo, kompyuta husimamisha unyunyizaji, na kipepeo kilichofunguka huingiza hewa nyingi. Gari likiwaka kwa njia hiyo, tena kwa kusitasita na kutoa harufu kali, shaka iende kwanza kwenye mvuke kabla ya kugusa plagi au pampu.

Linalowachanganya mafundi ni kwamba hitilafu ile ile, siku nyingine, hutoa dalili iliyo kinyume. Kasha likiwa limekwisha kusafishwa, kinachovutwa kupitia vali iliyokwama si mvuke tena bali hewa tupu, na hewa hiyo haikupimwa na kifaa cha kupima hewa ya injini. Mchanganyiko hupungukiwa petroli, injini hutetemeka gari likisimama kwenye taa za barabarani, na kompyuta huandika alama P0171, maana yake mchanganyiko ni mwembamba. Fundi anayesoma alama hiyo bila kufikiri hubadilisha kihisio cha oksijeni, ambacho kosa lake pekee ni kusema kweli.

Kuichunguza vali si kazi kubwa. Injini ikiwa baridi na inaunguruma, mpira utokao kwenye kasha huchomolewa kwenye vali, na kidole huwekwa juu ya mdomo ulio wazi. Injini ikiwa baridi kompyuta haina sababu ya kuifungua vali, kwa hiyo kidole hakipaswi kuvutwa. Kikivutwa, soketi ya umeme ya vali huchomolewa. Mvuto ukiendelea, vali yenyewe haifungi. Mvuto ukikoma, vali ni nzima, na kosa limo katika waya au katika kompyuta. Mara nyingi ni waya wa amri uliochubuka ukagusa bodi, maana katika magari mengi vali hupewa volti 12 daima na kompyuta huifungua kwa kuuunganisha upande wa pili na bodi. Hatua hizo mbili huchukua dakika 3, na zingemwokolea mwalimu gharama za pampu.

Kinyume chake, vali isiyofunguka hutafutwa kwa mita ya umeme. Koili ya vali ya namna hii huwa na ukinzani wa omu 20 hadi 40 katika nyingi za aina zake, ingawa kipimo halisi hutazamwa katika kitabu cha gari. Koili ya omu 30 ikipewa volti 12 hupitisha mkondo wa ampea 0.4. Mita ikionyesha ukinzani usio na kikomo, koili imekatika. Ikionyesha omu 2 au 3, waya za koili zimegusana, na mkondo wa ampea 4 au zaidi waweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha. Vali hiyo isirudishwe garini hata kwa siku moja. Baada ya hapo vali hupewa umeme wa betri mbali na gari na kupulizwa hewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama yale yaliyomo katika maabara za shule. Wengine hupuliza kwa mdomo. Ni desturi mbaya, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Vali ikigongwa kidogo juu ya karatasi nyeupe na kumwaga chembe nyeusi, hapo fundi amepata habari kubwa zaidi. Chembe hizo ni mkaa. Maana yake kasha limepasuka ndani, na chembe zimesafiri mpaka kwenye vali zikaizuia isifunge. Kubadilisha vali peke yake ni kununua majuma machache. Yapasa kubadilisha kasha, na kupuliza mpira wa katikati kwa hewa pole usibakiwe na chembe, ndipo vali mpya iwekwe.

Na kasha hupasuka kwa nini? Mara nyingi kosa hutendeka kituoni. Pua ya pampu ina kitu cha kujizima petroli inapoifikia. Tangi huachwa na nafasi juu kwa makusudi, ili petroli ipate pa kutanukia. Lakini mteja, au mhudumu anayetaka hesabu itimie shilingi kamili, hubonyeza tena, na tena, hadi petroli iuone mdomo wa tangi. Petroli isiyo mvuke hupanda katika mpira na kuingia katika mkaa, ambao hutakiwa kushika makumi ya gramu za mvuke na sio mamia ya gramu za majimaji. Kasha lililolowa namna hiyo hujulikana kwa mizani: fundi akilipima, na kulinganisha na jingine la aina ile ile lililo zima, tofauti huwa dhahiri. Likitikiswa husikika chembe zikitembea.

Tangi lisilopumua

Hitilafu ya pili ni ya mdomo wa kupumulia kuziba. Vumbi la barabara zetu latosha, na nyigu wa udongo hupenda kila bomba lililo wazi. Huko Amerika nako si salama. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliwaita wenye magari zaidi ya 50,000 aina ya Mazda6 warudishe magari yao, kwa kuwa buibui wa manjano walikuwa wakisuka utando ndani ya mpira wa kupumulia wa kasha la mkaa. Mwaka 2014 ilibidi iwaite wengine kwa sababu hiyo hiyo.

Madhara yake ni ya fizikia tupu. Pampu hutoa petroli tangini, na hewa haiingii kujaza nafasi. Tuseme kanieneo ndani imepungua kwa kilopaskali 5 tu. Upande wa juu wa tangi ukiwa na eneo la mita 0.2 za mraba, hewa ya nje hulisukuma bati au plastiki hiyo kwa kani ya nyutoni 1,000, sawa na uzito wa mtu wa kilo 100 aliyesimama juu yake. Tangi huanza kubonyea. Pampu hulemewa, na baada ya mwendo wa saa moja hivi injini hukosa nguvu na kuzima. Dereva akifungua kifuniko husikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, kisha gari huwaka kana kwamba halikuwa na neno. Anayeteremka kutoka Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700, kwenda Dar es Salaam hupata taabu hii upesi zaidi, maana hewa ya nje yenyewe huongezeka kanieneo kutoka kilopaskali 83 hivi hadi 101. Wakati wa kujaza mafuta dalili ni nyingine: pua ya pampu hujizima kila baada ya lita moja au mbili, kwa vile hewa iliyomo haina pa kutokea.

Hapa tahadhari moja yahitajika. Si kila mlio wa kifuniko ni ugonjwa. Mchana wa jua kali hewa kidogo ikitoka nje kwa mlio mwembamba ni jambo la kawaida. Kinachotafutwa ni mvuto mkubwa wa kwenda ndani, unaojirudia.

Tundu la nusu milimita

Hitilafu ya tatu, nayo ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, ni uvujaji. Sheria za Marekani zinadai kompyuta ya gari igundue uvujaji katika mtambo wa mvuke: tangu magari ya mwaka 1996 tundu la milimita 1, na baadaye tundu la nusu milimita. Jinsi inavyofanya ni ya kuvutia. Kompyuta huziba mdomo wa kupumulia kwa vali nyingine, hufungua vali ya kusafishia mpaka tangi lipate ombwe dogo, kisha hufunga kote na kutazama kihisio cha kanieneo. Kanieneo ikirudi juu upesi, pana tundu. Kwa kawaida jaribio hili halifanywi tangi likiwa tupu au limejaa kabisa. Mwalimu wa fizikia aweza kuwauliza wanafunzi kwa nini tundu lile lile huonekana kubwa zaidi tangi lijaapo, na jibu wakalitafute katika kanuni ya Boyle.

Alama zinazoandikwa zinafanana katika magari ya kampuni zote. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, P0457 kifuniko kilicholegea. P0441 huhusu mtiririko usio sawa wa kusafisha, P0443 umeme wa vali ya kusafishia, na P0446 ule wa vali ya kupumulia. Lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani au Ulaya hayana kihisio cha kanieneo tangini, kwa kuwa sheria za huko hazikudai jaribio la uvujaji. Kompyuta za magari hayo hutazama umeme wa vali tu. Mpira ukipasuka taa ya injini haitawaka kamwe, na pua ya mwenye gari ndiyo kihisio pekee.

Uchunguzi uanze kwenye kifuniko: mpira wake wa duara umepasuka? Umejaa vumbi? Ni kifuniko cha gari hilo kweli, au kilinunuliwa barabarani kwa kuwa kinaingia? Baada ya hapo hukaguliwa mipira yote, hasa kwenye mapindo, ambako jua na ile ozoni ya Haagen-Smit huanza kupasua. Kila mpira upindwe kwa mkono. Ufa mdogo hujificha mpira ukiwa umelala.

Macho yakishindwa, gereji kubwa hutumia mashine ya moshi: moshi mzito usio na moto husukumwa ndani ya mtambo kwa kanieneo ndogo, na unapochungulia nje ndipo penye tundu. Fundi asiye na mashine hiyo aweza kutumia kitu kilichomo katika kila maabara ya shule, nacho ni mrija wa herufi U wenye maji. Mpira wa kusafishia huchomolewa kwenye vali na kuungwa na mrija huo pamoja na mpira wa kuminya kwa mkono. Mdomo wa kupumulia huzibwa. Hewa huminywa pole pole mpaka maji yatofautiane kwa sentimita 25, yaani kilopaskali 2.45, kisha husubiriwa. Maji yakishuka, mpira wa kwenda tangini hubanwa. Maji yakisimama, tundu liko upande wa tangi. Yakiendelea kushuka, liko upande wa pili. Maji ya sabuni humaliza kazi. Jaribio lifanyike kivulini na nje, mbali na moto na sigara, maana jua likilipiga tangi mvuke huongezeka na kuyainua maji wenyewe, hata uvujaji usionekane.

Kamwe pampu ya matairi isitumike. Tairi la gari dogo huhitaji kilopaskali 200, mara 80 ya kanieneo ya jaribio hili. Juu ya lile eneo la mita 0.2 za mraba hiyo ni kani ya nyutoni 40,000, sawa na uzito wa tani 4. Tangi halikuundwa kwa mzigo huo, na kinachopasuka hapo kimejaa petroli.

Yabaki kutaja dawa za barabarani. Mmoja huondoa kasha na kuacha mpira wa tangi ukining'inia. Mvuke sasa humwagika karibu na injini ya moto au bomba la moshi, na mdomo wa injini ulioachwa wazi huvuta vumbi lisilochujwa. Mwingine huziba mipira yote miwili kwa misumari, na tangi hukosa pumzi. Wa tatu hutoboa kifuniko kwa keekee, dawa iliyokuwa na maana mwaka 1960. Gari lililotobolewa kifuniko likipinduka humwaga petroli penye abiria wasioweza kutoka. Tofauti ya bei kati ya dawa hizo na kasha lililotumika lakini zima si kubwa kama inavyosemwa.

Gari la mwalimu lilihitaji vitu viwili, vali na kasha, baada ya kidole kuvutwa na karatasi nyeupe kupata chembe nyeusi. Mpira wa katikati ulipulizwa, na alama zilizoandikwa zikafutwa kwa mashine. Taa ya injini isihukumiwe siku hiyo hiyo: kompyuta huhitaji safari kadhaa, injini ikianza baridi, kabla ya kurudia majaribio yake yote, na gari lililofutwa alama asubuhi na kuonekana zima jioni halijasema lolote. Kipimo cha kweli kwa gari hili kilikuwa pale kituoni, kwa kujaza tangi, kuacha pua ijizime mara moja, na kuzungusha ufunguo. Kasha la zamani, ambalo bado lilikuwa na petroli ndani ya mkaa wake, liliwekwa nje kwenye upepo mbali na nyumba, wala halikutupwa katika shimo la takataka ambalo huchomwa moto kila Jumamosi.